Fahamu: Jinsi gemu za zamani za modemu zinavyochezwa leo kupitia intaneti

Kabla intaneti haijafika majumbani, watu wawili waliotaka kushindana kwenye gemu ya kompyuta wakiwa miji tofauti walikuwa na njia moja kubwa: kompyuta ya mmoja ilipiga simu, ya mwenzake ikapokea. Kifaa kilichowezesha jambo hilo kiliitwa modemu. Leo simu za mezani zinaondolewa nchi moja baada ya nyingine na modemu nyingi zimeishia stoo. Hata hivyo gemu zile bado zinachezwa, na wanaozicheza wanatumia intaneti ya kawaida, hata ile ya simu ya mkononi.

Makala haya yanaeleza jambo hilo linafanyikaje, linakula data kiasi gani, nini hukwamisha, na tahadhari gani uchukue kabla ya kujaribu.

Modemu ni nini?

Laini ya simu ya mezani ilitengenezwa kubeba sauti ya binadamu. Kompyuta haina sauti; lugha yake ni tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kazi ya modemu ilikuwa kugeuza tarakimu hizo kuwa milio inayoweza kupita kwenye laini ya simu, kisha modemu ya upande wa pili ikaigeuza milio hiyo kuwa tarakimu tena. Ukisikia rekodi ya kompyuta ya zamani ikilia kwa milio ya juu na mikwaruzo, hizo ni modemu mbili zinasalimiana na kukubaliana kasi ya kuongea.

Kasi yenyewe ilikuwa ndogo. Modemu ya Bell 103 ya kampuni ya AT&T, iliyotoka mwaka 1962, ilipitisha biti 300 kwa sekunde, sawa na herufi 30 hivi. Baadaye zikaja za 1,200, 2,400, 9,600, 14,400 na 28,800. Za mwisho kuenea, mwaka 1998, zilifikia biti 56,000 kwa sekunde, na hata hizo ni polepole kuliko simu janja iliyokwama kwenye mtandao wa 3G.

Mwaka 1981 kampuni ya Marekani ya Hayes ilitoa modemu iliyoitwa Smartmodem, ambayo kompyuta iliweza kuiamrisha kwa maandishi mafupi. Amri ya ATDT ikifuatiwa na namba ilimaanisha "piga namba hii". Amri ya ATA ilimaanisha "pokea simu". Makampuni mengine yakaiga amri hizo, na gemu karibu zote za modemu zikaandikwa kwa lugha hiyo. Kumbuka jambo hili, kwa sababu ndilo linalowezesha ujanja wa leo.

Gemu zenyewe zilikuwaje?

Zilikuwa za aina mbili.

Aina ya kwanza ni ya wawili kwa wawili: unampigia mwenzako, mnacheza, mnakata simu. Populous ya mwaka 1989 na Modem Wars ya mwaka 1988 ni mifano ya awali. Iliyovuma zaidi ni Doom ya kampuni ya id Software, iliyotolewa Desemba 10, 1993. Kwa modemu, Doom ilichezwa na watu wawili. Kwenye mtandao wa kompyuta za ofisi moja iliruhusu hadi wanne.

Mtu anaweza kujiuliza: picha zote zile zilipitaje kwenye waya mwembamba kiasi hicho? Jibu ni kwamba hazikupita. Chukulia mabingwa wawili wa bao, mmoja yuko Lamu na mwingine Bagamoyo, wanacheza kwa kupigiana simu. Kila mmoja ana bao lake na kete zake. Kinachosafiri ni maneno machache tu: naanzia shimo hili, naelekea kulia. Kila mmoja anasogeza kete zote upande wake, na mabao mawili yanabaki sawasawa. Gemu za modemu zilifanya hivyohivyo. Picha zilikuwa tayari ndani ya kila kompyuta, na kilichosafiri ni vitufe alivyobonyeza kila mchezaji.

Aina ya pili ilichezwa kwenye vituo vilivyojulikana kwa kifupi kama BBS, yaani mbao za matangazo za kompyuta. Kituo cha kwanza, CBBS, kilianzishwa Chicago na Ward Christensen na Randy Suess, na kilifunguliwa Februari 1978 baada ya theluji nzito kuwafungia watu majumbani. Mtu alipiga simu kwenye kompyuta ya kituo, akasoma ujumbe wa wenzake, akaacha wake, akaondoka. Kituo chenye laini moja kilihudumia mtu mmoja kwa wakati.

Kama umewahi kutuma pesa kwa simu ya kitochi kwa kubonyeza nyota, namba na alama ya reli, basi unaijua BBS bila kujijua: orodha ya maandishi inatokea, unachagua 1, 2 au 3, orodha nyingine inatokea. Humo ndani mlikuwa na gemu za maandishi. Legend of the Red Dragon, iliyoandikwa na Seth Robinson mwaka 1989, ilimpa kila mchezaji mapambano yenye idadi maalumu kwa siku. Ukiyamaliza unasubiri kesho. TradeWars 2002 ilikuwa ya biashara angani: nunua bidhaa bandari hii, uza bandari ile, jihadhari na maharamia. Kwa kuwa wachezaji waliingia kwa zamu, mtu aliweza kushambuliwa akiwa amelala na kukuta habari zake asubuhi.

Afrika Mashariki ilikuwa wapi?

Huku kwetu modemu hazikuanza na gemu. Zilianza na barua. Mwaka 1984 Mmarekani Tom Jennings alianzisha FidoNet, mtandao uliounganisha vituo vya BBS. Kompyuta zilipigiana simu usiku, wakati gharama iko chini, zikabadilishana mafurushi ya ujumbe na kukata. Mfumo huo uliifaa Afrika kwa sababu haukuhitaji laini iwe wazi muda wote, na ulivumilia simu mbovu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la Environment Liaison Centre International jijini Nairobi liliendesha kituo cha FidoNet kilichotumiwa na mashirika yasiyo ya kiserikali. Mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya Kenya, Tanzania, Uganda, Zambia na Zimbabwe kwa njia hiyohiyo, na mtandao wa HealthNet ukawafikishia madaktari taarifa za tiba. Kwa hiyo baadhi ya barua pepe za kwanza za ukanda huu zilipita kwa milio ya modemu.

Nyaya za chini ya bahari zilikuja baadaye sana. SEACOM ilifika pwani yetu mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti ya ukanda huu ilitegemea satelaiti, na kwa vijiji vingi simu ya kwanza kabisa kufika ilikuwa ya mkononi. Modemu na simu ya mezani vilipita pembeni.

Kwa nini usitumie modemu yenyewe?

Swali la haki. Kama gemu inataka modemu, kwa nini usitafute modemu ya mtumba, ukaiunganisha na simu?

Sababu ya kwanza ni kwamba simu ya mkononi haipitishi milio ya modemu vizuri. Ili kubana matumizi ya mtandao, simu huchambua sauti yako na kutuma tu yale yanayotosha kuijenga upya sauti ya binadamu upande wa pili. Kwa maneno "habari za asubuhi" inatosha. Kwa milio ya modemu, ambayo kila sehemu yake ina maana, kinachofika ni uchafu mtupu.

Sababu ya pili ni kwamba laini za kale zinakufa. Uingereza imepanga kuzima mtandao wake wa zamani wa simu za mezani ifikapo mwisho wa Januari 2027. Kampuni ya Marekani ya AOL, iliyowaingiza mamilioni ya watu kwenye intaneti kwa kupiga simu, ilifunga huduma hiyo Septemba 30, 2025.

Ujanja wenyewe: modemu ya kujifanya

Gemu ya zamani haijui ulimwengu umebadilika. Inachojua ni kutuma amri kama ATDT na kusubiri jibu. Haioni waya, haioni mnara wa simu. Basi ikipatikana programu inayopokea amri hizo na kujibu kama modemu halisi, gemu itaridhika. Badala ya kupiga simu, programu hiyo hufungua mawasiliano ya intaneti na kompyuta ya mwenzako. Badala ya namba ya simu, hutumia anwani ya IP, ambayo ni namba ya utambulisho wa kifaa mtandaoni.

Njia zinazotumika zaidi ni hizi.

1. DOSBox. Hii ni programu ya bure iliyotoka mwaka 2002, inayojifanya kuwa kompyuta ya miaka ya 1990. Ndani yake mna modemu ya kujifanya. Kwenye faili la mipangilio unaandika mstari kama huu:

serial1=modem listenport:5000

Maana yake: sehemu ya kuchomekea modemu iko hapa, na mlango wa kupokelea simu ni namba 5000. Usipoutaja mlango, DOSBox hutumia 23, ambao simu nyingi za Android haziruhusu programu ya kawaida kuufungua. Ndiyo maana ni busara kuchagua namba kubwa.

Baada ya hapo mmoja anachagua ndani ya gemu "subiri simu". Mwenzake anachagua "piga simu", na panapotakiwa namba anaandika anwani ya IP. Gemu ikikataa nukta, anwani huandikwa kwa tarakimu 12 bila nukta, kila kipande kikijazwa sifuri hadi kifike tarakimu tatu. Anwani 192.168.43.1 inakuwa 192168043001. Mlango ukiwa si 23, namba yake huongezwa mwishoni: 1921680430015000. Upande wa pili gemu itaona simu inaita, itapokea, na mchezo utaanza.

2. Waya wa kujifanya. Zamani kompyuta mbili zilizokuwa chumba kimoja ziliunganishwa kwa waya bila modemu. DOSBox inaigiza hilo pia kwa kuandika nullmodem badala ya modem. Gemu nyingi zina chaguo la namna hiyo, na mara nyingi ni rahisi zaidi kwa sababu hakuna namba ya kupiga.

3. Mtandao wa ofisi wa kujifanya. Gemu kama Doom zilitumia pia mfumo wa IPX wa kuunganisha kompyuta za jengo moja. Mwaka 1995 programu ya Kali ilianza kuzifanya gemu hizo ziamini kuwa intaneti nzima ni jengo moja. DOSBox nayo ina uwezo huo, na hapa ndipo zaidi ya watu wawili wanapoweza kucheza pamoja.

4. Kifaa kidogo badala ya programu. Wenye kompyuta halisi za zamani hutumia kibodi-saketi kidogo chenye chipu ya ESP8266, ambacho huunganishwa na Wi-Fi na kujibu amri za Hayes. Kompyuta ya mwaka 1985 inaamini imepata modemu, kumbe inaongea na ruta.

5. DreamPi. Mashine ya gemu ya Sega Dreamcast iliyouzwa kuanzia mwaka 1998 ilikuwa na modemu ndani. Mtengenezaji programu Luke Benstead alibuni DreamPi, inayotumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na modemu ya USB. Dreamcast inapopiga simu, inasikia mlio wa laini ulioigizwa, DreamPi inapokea na kuipitisha kwenye intaneti.

6. BBS za leo. Vituo kadhaa vya BBS bado viko hewani, ila sasa vinafikiwa kwa njia ya intaneti iitwayo telnet. Kwa mwenye simu janja hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Unahitaji programu moja ndogo ya telnet na anwani ya kituo. Skrini zao zilipangwa kwa herufi 80 kwa mstari, hivyo laza simu kwa upana.

Kucheza bila bando

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba watu wawili walio karibu hawahitaji intaneti kabisa. Simu moja ikiwasha hotspoti na nyingine ikajiunga nayo, tayari mna mtandao wenu. Data inapita hewani kati ya vifaa viwili. Haiendi mnarani, na bando haliguswi. Zima data ya simu kwanza ili uwe na uhakika.

Kwa kompyuta za shule au za maktaba ya kijiji ni vivyo hivyo: ruta yoyote, hata isiyo na intaneti, inatosha kuziunganisha. Gemu hizi zilitengenezwa kwa mashine dhaifu, hivyo kompyuta ya mtumba yenye miaka kumi na tano inazimudu bila kutoa jasho. Kwenye simu, tafuta programu ya Android iliyojengwa juu ya DOSBox na inayokuruhusu kubadilisha mipangilio ya serial, na ikiwezekana pata kibodi ya nje. Gemu hizi hazikutengenezwa kwa vidole kwenye kioo.

Mkiwa mbali: tatizo la anwani

Hapa ndipo wengi hukwama. Umeandika kila kitu sawasawa, mwenzako anapiga, hakuna kinachoita.

Fikiria sanduku la posta la shule ya msingi. Walimu na wanafunzi wote wanatumia S.L.P. moja. Ukiandika barua kwenda nje na kutaja jina lako, jibu litakufikia. Lakini mgeni akituma barua kwa S.L.P. ile bila jina, karani hajui ampe nani.

Anwani za IP za mtindo wa zamani ni takribani bilioni 4.3 tu, na hazitoshi dunia nzima. Kwa hiyo makampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mawasiliano unayoyaanzisha wewe yanakwenda na kurudi. Simu ya mgeni inayokuja bila kutarajiwa inaishia kwenye sanduku la wote. Ukitazama kwenye mipangilio ya simu yako na kukuta anwani inayoanza na 10, au iliyo kati ya 100.64 na 100.127, basi uko nyuma ya sanduku la wote.

Suluhisho ni matatu. La kwanza, asubiri simu yule mwenye anwani yake mwenyewe, mara nyingi mwenye intaneti ya waya na ruta anayoweza kuirekebisha. La pili, tumieni programu inayojenga mtandao binafsi baina yenu, kama ZeroTier au Tailscale. Kila simu inapewa anwani mpya, na gemu inaona kana kwamba mko chumba kimoja. La tatu, kutaneni kwenye kituo cha kati kama BBS, ambako nyote wawili mnapiga kwenda nje na hakuna anayehitaji kupokea.

Kwa nini gemu inakwamakwama?

Mtu mwenye 4G anaweza kushangaa: kasi yangu ni mara maelfu ya modemu ya zamani, mbona Doom inasimama kila mara?

Modemu ilikuwa polepole lakini ilikuwa na mwendo mmoja. Laini ilikuwa yenu wawili tu hadi mkate simu, na kila herufi ilifika kwa zamu yake. Intaneti inakata ujumbe vipande, kila kipande kinapita barabara yenye magari ya watu wengine. Kingi kinafika haraka, kimoja kinachelewa, kingine kinapotea na kutumwa upya.

Doom hugawa sekunde moja katika hatua 35, na katika kila hatua kompyuta lazima ijue mwenzake kabonyeza nini. Rudi kwenye bao la Lamu na Bagamoyo: huwezi kusogeza kete kabla hujasikia mwenzako kacheza nini, la sivyo mabao yatatofautiana. Kipande kimoja kikichelewa, wote wawili wanasubiri. Mtandao wa satelaiti za mbali ni mgumu zaidi kwa gemu za aina hii. Satelaiti hizo ziko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, na ujumbe kwenda na kurudi huchukua karibu nusu sekunde hata mtandao ukiwa mzuri.

Kwa hiyo chagua gemu kulingana na mtandao ulionao. Ukiwa mahali penye mawimbi hafifu, cheza gemu za zamu kama sataranji au zile za BBS. Kuchelewa sekunde mbili hakuna madhara. Gemu za kufyatuliana risasi ziache kwa hotspoti au mtandao wa waya.

Inakula data kiasi gani?

Hapa kuna habari njema kwa mfuko. Tupige hesabu.

Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde ilipitisha herufi kama 240 kwa sekunde. Kwa saa nzima bila kupumzika ni herufi 864,000, ambayo haifiki megabaiti moja. Gemu ya BBS haitumi mfululizo kiasi hicho, kwa sababu muda mwingi unasoma na kufikiri. Hata ukiongeza anwani ambazo intaneti hubandika kwenye kila kipande cha ujumbe, saa moja inaweza kuishia kwenye megabaiti chache.

Doom hutuma vipande 35 kila sekunde kwenda na 35 kurudi. Kila kipande ni kidogo, lakini bahasha yake ni kubwa kuliko barua iliyomo. Kwa hesabu hiyo tarajia megabaiti kati ya 10 na 25 kwa saa. Video ya ubora wa kawaida hula mamia ya megabaiti kwa muda huohuo. Kinachoweza kumaliza bando lako si gemu, ni programu nyingine za simu zinazojisasisha kimyakimya. Zizuie kabla ya kuanza.

Tahadhari za usalama

Telnet haifichi chochote. Neno la siri unaloandika linapita wazi kama maneno yaliyoandikwa kwenye kadi ya posta. Usitumie kamwe namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au benki, wala neno la siri la barua pepe yako. Tunga jipya la gemu peke yake.

Usiache mlango wa kupokelea simu wazi baada ya mchezo. Funga programu.

Usipakue faili la gemu au programu ya Android kutoka kiungo ulichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Programu yoyote ya gemu inayoomba ruhusa ya kusoma meseji zako haina nia njema. Meseji ndizo zinazobeba namba za uthibitisho wa pesa.

Watoto wakicheza na watu wasiowajua, mtu mzima awe karibu. Vituo vya BBS vina maongezi ya watu wazima kutoka kila pembe ya dunia.

Je, ni halali?

Gemu kuwa ya zamani hakuifanyi kuwa ya bure. Gemu za miaka ya 1990 bado ziko chini ya hakimiliki hata kama hazipo tena madukani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 zote zinalinda programu za kompyuta.

Njia za halali zipo. Sehemu ya kwanza ya Doom ilitolewa tangu mwanzo kwa ajili ya kusambazwa bure. Mwaka 1997 id Software ilitoa wazi msimbo wa injini ya gemu hiyo, na mradi wa Freedoom umetengeneza picha, sauti na ramani mpya ambazo kila mtu anaruhusiwa kutumia na kugawa. Gemu za BBS hazihitaji kununuliwa na mchezaji. Mwenye kituo ndiye mwenye nakala. Gemu nyingine za zamani huuzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya mtandaoni.

Kwa nini watu wanahangaika na gemu za kale?

Wengine ni kumbukumbu za ujana. Lakini ipo sababu nyingine inayomhusu hata kijana aliyezaliwa baada ya modemu kufa.

Gemu nyingi za leo haziwezi kuchezwa na wengine bila seva ya kampuni. Kampuni ikizima seva, ulichonunua kinabaki nusu. XBAND, huduma iliyounganisha mashine za Sega na Nintendo kwa modemu kuanzia mwaka 1994, ilifungwa mwaka 1997. Microsoft ilizima huduma ya mtandaoni ya Xbox ya kwanza Aprili 15, 2010. Nintendo ilizima ya 3DS na Wii U Aprili 8, 2024.

Gemu ya modemu ya wawili kwa wawili haikuwa na seva. Ilihitaji wewe, mwenzako, na njia yoyote ya kupitisha herufi kati yenu. Waya wa simu ulipoondoka, intaneti ikachukua nafasi yake. Intaneti isipokuwepo, hotspoti inatosha. Kwa anayeishi mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka, hilo ni jambo la kuzingatia anapochagua gemu, na hata anapochagua programu za shule, zahanati au ushirika: je, itaendelea kufanya kazi siku mwenye seva akiamua kufunga?

Maneno ya kukumbuka

Modemu: kifaa kinachogeuza tarakimu za kompyuta kuwa milio ya laini ya simu, na milio kuwa tarakimu.

BBS: kituo cha kompyuta cha ujumbe, mafaili na gemu, kilichofikiwa kwa kupiga simu; leo kinafikiwa kwa telnet.

Anwani ya IP: namba ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao.

Mlango: namba inayoonyesha ni programu ipi ndani ya kifaa inayongoja mawasiliano.

DOSBox: programu ya bure inayojifanya kuwa kompyuta ya miaka ya 1990, pamoja na modemu yake.

Telnet: njia ya zamani ya kuwasiliana na kompyuta ya mbali kwa maandishi, isiyo na ulinzi wa siri.

Hotspoti: simu kugawa mtandao wake kwa vifaa vya karibu, huunganisha vifaa hata data ikiwa imezimwa.